Pembeni mwa Lami ni Njia ya Nani?

Shuleni unafikaje: kwa miguu, kwa daladala au kwa baiskeli? Kama ni baiskeli, makala hii ni yako kabisa. Kama ni daladala au gari la baba, isome vilevile. Siku moja usukani utakuwa mikononi mwako.

Kuna neno ambalo kila mkazi wa Dar es Salaam analijua: kutanua. Foleni imekaza, dereva hataki kusubiri. Anakata kushoto, matairi mawili juu ya lami, mawili kwenye vumbi, anawapita wenzake wote, halafu mbele anachomekea. Ndani ya daladala wapo abiria wanaofurahi: "Huyu ndiye dereva bwana!"

Lakini pale alipopita si mahali patupu. Ndipo anapopita muuza mkaa na baiskeli yake, mtu aliyetoka kununua samaki Feri, na mwanafunzi anayewahi namba. Kutanua kunavunja barabara, na kunavunja watu. Na mara nyingi hilo la kwanza ndilo linaloleta la pili. Tuone inakuwaje.

LAMI INAVYOMEGEKA

Lami siyo jiwe moja gumu. Ni tabaka lililolazwa juu ya kokoto na udongo ulioshindiliwa. Katikati ya barabara, tabaka hilo limeshikwa pande zote. Ukingoni, upande mmoja unategemea udongo tu. Kila gari linaposhuka na kupanda tena, tairi linaukandamiza ukingo huo. Lami inapata ufa, kisha inamegeka kipande kimoja kimoja. Udongo wa pembeni nao unachimbika mpaka panabaki ngazi.

Halafu inakuja mvua. Maji yanaingia kwenye ufa na kulainisha udongo wa chini. Gari zito likipita, lami inadidimia. Hapo shimo limezaliwa.

Uzito una maajabu yake. Kati ya mwaka 1958 na 1960, wahandisi katika jimbo la Illinois, Marekani, walikuwa wanapitisha malori juu ya barabara za majaribio. Waligundua kwamba uzito kwenye ekseli moja ukiongezeka mara mbili, uharibifu hauongezeki mara mbili tu. Unaongezeka kama mara 16! Ndiyo maana malori hupimwa kwenye mizani, na ndiyo maana Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitunga sheria ya kudhibiti uzito wa magari mwaka 2016.

Na baiskeli je? Hata ikibeba gunia la mkaa, lami wala haishtuki. Yaani asiyeharibu barabara ndiye anayeumia nayo zaidi.

BAISKELI IENDE WAPI?

Sasa jiweke juu ya baiskeli. Tairi lako ni jembamba, na hapa kwetu unatakiwa kukaa kushoto. Mbele yako ukingo umemegeka. Ukiendelea, gurudumu linanasa na unarushwa. Ukikata kulia, unaingia mbele ya magari. Una sekunde moja ya kuamua.

Dereva aliye nyuma anachoona ni baiskeli "imejileta" katikati. Anapiga honi na kufoka. Hajui kwamba unakwepa shimo lililochimbwa na wenye tabia kama yake.

HESABU YA SEKUNDE

Hapa Tanzania, sheria inasema mwisho wa mwendo katika maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa. Kwa nini 50? Chukua kalamu.

Kwa kilomita 50 kwa saa, gari linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akikuona, inapita kama sekunde moja kabla mguu haujakanyaga breki. Mita 14 zimekwisha. Breki zikishika, kwenye lami kavu na matairi mazuri, zinahitaji kama mita 14 nyingine. Jumla ni mita 28.

Kwa kilomita 80, sekunde hiyo moja inakula mita 22, na breki zinataka kama mita 35. Jumla ni mita 57. Mwendo haukufika hata mara mbili, lakini umbali wa kusimama umezidi mara mbili. Waliosoma fizikia wanajua sababu: nishati ya mwendo hukua kwa kipeo cha pili cha kasi. Nishati hiyo hiyo ndiyo inayokutana na mifupa yako.

Na dereva anayesoma ujumbe kwenye simu kwa sekunde 3 tu? Kwa kilomita 50 anakwenda zaidi ya mita 40 bila kuangalia barabara.

Hili si jambo dogo. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ilionyesha kwamba ajali za barabarani ziliua watu wapatao milioni 1.19 duniani mwaka 2021. Kwa watu wa miaka 5 hadi 29, hicho ndicho chanzo cha kwanza cha vifo. Umri huo ni wako na wangu!

UFANYE NINI?

Ukiwa na baiskeli:
• Kagua breki, kengele na matairi kabla ya kutoka.
• Vaa kofia ngumu na uifunge kamba. Mfupa wa mguu huunga; ubongo ukiharibika ni vigumu kuurudisha ulivyokuwa.
• Usiku uwe na taa mbele, taa au kiakisi mwanga nyuma, na nguo nyeupe.
• Ukiona shimo mbele, usisubiri ulifikie. Geuka utazame nyuma, toa ishara ya mkono, ndipo uhame taratibu.

Ukiwa kwenye daladala:
• Usimshangilie anayetanua. Mwambie konda kwa heshima: "Kaka, mwambie dereva arudi barabarani." Tunajua dereva anakimbizana na hesabu ya tajiri. Lakini abiria wakinyamaza, anadhani wote mmekubali.

Mtu akigongwa:
• Zuia kwanza magari yasimkanyage tena, kisha piga 112.
• Usimkokote wala usimkalishe. Shingo au uti wa mgongo ukiwa umeumia, kumvuta kunaweza kumpoozesha. Mhamishe pale tu palipo na hatari kubwa zaidi, kama moto.
• Damu ikitoka kwa wingi, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia.

KAZI YA KLABU YENU

Jumamosi moja, tembeeni kilomita moja kutoka getini kwenu. Andikeni kila mahali ukingo ulipomegeka na kila mahali magari yanapotanua. Chorea ramani. Pelekeni nakala serikali ya mtaa na nyingine TARURA, ambao tangu 2017 wanahusika na barabara za mijini na vijijini. Kama ni barabara kuu, wenyewe ni TANROADS. Ombeni mambo mawili: ukingo uzibwe, na viwekwe vizuizi magari yasipande pembeni. Shimo likizibwa bila kumzuia anayetanua, masika yajayo mtaliona tena.