Anayeamkia maua asiipite sala ya Alfajiri

SIFA zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa mbingu na ardhi, Mwenye kuteremsha mvua na kuihuisha kwayo ardhi iliyokufa. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, masahaba zake na kila mwenye kuifuata njia yao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya utangulizi huo:

Ndugu msomaji, Ijumaa moja katika msimu wa mvua za vuli, mzee mmoja mkazi wa Mbagala alinijia msikitini baada ya darsa, akiwa amefuatana na kijana wake wa miaka 17. Baada ya kunitolea salamu alisema: "Sheikh, nimekuletea mtoto huyu pamoja na kesi yake. Kila siku ya mapumziko huamka mapema kuliko mimi, lakini haelekei msikitini. Huchukua kamera yake akaenda porini kupiga picha maua. Nimemwambia picha ni haramu na kamera nitaiuza, lakini hanisikii."

Nilimgeukia kijana nikamtaka naye aseme. Akajibu kwa adabu, macho yakiwa chini: "Sheikh, mimi sipigi picha watu. Napiga maua tu, na mwanga wake mzuri ni ule wa jua linapochomoza. Likishapanda, picha haina tena uzuri. Nikianza kwenda msikitini, nachelewa."

Kesi hiyo ilikuwa na maswali mawili ambayo wazee wengi na vijana wao wanayachanganya. La kwanza ni hukumu ya picha yenyewe, na la pili ni hukumu ya wakati unaotumika kuipata. Baada ya kuwasikiliza wote wawili, nilimwambia mzee kuwa amekosea katika swali la kwanza, na kijana nikamwambia kuwa amekosea katika la pili, na kwamba kosa la kijana ndilo kubwa zaidi.

Picha ya kisichokuwa na roho

Tuanze na la baba. Ni kweli kwamba zipo hadithi sahihi zenye makemeo makali juu ya wenye kutengeneza sura za viumbe. Lakini Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha mtu aliyemwendea Ibn Abbas (R.A.), mtu ambaye riziki yake ilikuwa katika kazi hiyo ya kutengeneza sura. Ibn Abbas alimsomea onyo alilolisikia kwa Mtume (S.A.W.), na yule mtu akaingiwa na hofu kubwa. Ndipo alipomwelekeza kwamba, ikiwa hana budi kuendelea na kazi yake, basi ashike miti na kila kitu kisichokuwa na roho. Kwa kisa hicho jamhuri ya wanazuoni wamejuzisha kuchora miti, maua, milima na bahari. Imepokewa kuwa Mujahid, mwanafunzi wa Ibn Abbas, aliuchukia mchoro wa mti wenye matunda, lakini rai hiyo haikufuatwa na wengi.

Ikiwa kuchora ua kwa mkono kumejuzu, basi kulipiga picha kuna nafasi zaidi ya kujuzu. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia mwaka 1914 mpaka 1920, aliandika risala maalumu akieleza kuwa picha ya kamera ni kivuli kilichozuiliwa kwa ufundi, wala si kuumba sura upya. Wapo wanazuoni waliomkhalifu kuhusu picha za watu, lakini katika maua na miti hakuna haja ya kufikisha mjadala huko.

Anayetaka ushahidi wa macho na autazame Msikiti mkubwa wa Damascus, uliojengwa na Khalifa al-Walid bin Abdul-Malik mwanzoni mwa karne ya nane. Kuta zake zilipambwa kwa miti, mito na majumba, bila ya sura ya mtu wala mnyama. Na hapa kwetu, mafundi wa milango ya Zanzibar na Bagamoyo walichonga mawaridi na mayungiyungi kwenye mbao, na wazee wetu waliipita milango hiyo wakienda kusali.

Tabibu na mchoraji wake

Kijana alipoona nimemtetea alitabasamu, nami nikamwongezea kisa ambacho wengi hawakisikii. Katika karne ya saba Hijria aliishi huko Shamu tabibu aliyeitwa Rashid al-Din al-Suri, aliyefariki mwaka 639 Hijria, sawa na takriban mwaka 1241. Habari zake zimeandikwa na Ibn Abi Usaybi'a, mwandishi mashuhuri wa tarekhe za matabibu. Tabibu huyu hakutosheka kusoma majina ya mimea vitabuni. Alikuwa akienda mabondeni na kwenye milima ya Lebanon akifuatana na mchoraji aliyebeba rangi za kila namna. Wakifika penye mmea, mchoraji huutazama rangi yake, kiasi cha majani yake, matawi na mizizi yake, kisha huuchora kama ulivyo. Mmea mmoja aliuchoresha mara tatu: unapochipua, unapokomaa na kutoa mbegu, na unapokauka.

Huyu ndiye babu wa wapiga picha za maua katika umma huu. Alikuwa na shabaha, nayo ni kuujua mmea ili watu wanufaike nao. Nikamuuliza kijana: "Wewe unayajua majina ya maua unayoyapiga?" Akanyamaza. Nikamwambia: "Basi hapo pana kazi ya kufanya. Waulize bibi zako na waganga wa miti shamba, uandike jina, mahali na mwezi."

Kazi hiyo ina haraka. Viunga vya jiji letu, kuanzia Bunju na Mabwepande upande wa Kinondoni mpaka Chamazi na Kongowe upande wa Temeke, vinajengwa kila siku. Penye nyasi na maua leo, kesho patapigwa mawe ya mipaka ya viwanja. Si vibaya watu kupata makazi, lakini ni hasara mtoto akue bila kujua ni nini kilichokuwa kikichanua hapo kabla ya nyumba yao.

Mwanga una wakati, na sala ina wakati

Sasa tuje kwa kosa la kijana. Mwanga anaoutafuta anaujua vizuri. Jua linapokuwa chini kwenye upeo, miale yake hupita katika hewa nyingi zaidi, rangi ya samawati ikatawanyika njiani, na ikatufikia ile ya manjano na wekundu. Vivuli huwa virefu, umande haujakauka, na upepo wa bahari haujaanza kuyatikisa maua. Na sisi tulio karibu na mstari wa Ikweta, jua hutupandia wima. Kwa hiyo mwanga huo laini haudumu hata nusu saa.

Basi mtu ambaye amejifunza kuiheshimu nusu saa ya mwanga, vipi ashindwe kuuheshimu wakati wa sala? Qur'ani Tukufu imetubainishia katika Suratun-Nisaa, aya ya 103, kwamba sala ni faradhi iliyowekewa nyakati maalumu. Na kuhusu rakaa mbili za sunna zinazotangulia faradhi ya Alfajiri, Muslim amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alizieleza kuwa ni bora kuliko dunia na vyote vilivyomo. Maua yote ya dunia, ya bondeni na ya mlimani, yamo katika hiyo dunia. Ikiwa hizo ni sunna, faradhi yenyewe itakuwaje?

Kisha tukapiga hesabu pamoja, maana dai la kuchelewa ni la hesabu. Mwezi Novemba jua la Dar es Salaam huchomoza karibu na saa 12 kamili asubuhi. Wakati wa Alfajiri huingia takriban saa moja na robo kabla ya hapo, yaani kiasi cha saa 10:45. Mtu akisubiri jamaa, akasali sunna na faradhi, akaleta nyiradi zake fupi, saa 11 na robo atakuwa amemaliza. Zimebaki dakika 45 kabla jua halijachomoza. Mwezi Julai jua huchomoza baada ya saa 12 na nusu, na wakati wa Alfajiri nao husogea pamoja nalo. Mpangilio haubadiliki.

Na ikiwa bonde analolikusudia liko mbali, asali katika msikiti ulio karibu na bonde hilo. Akikosa msikiti, ardhi yote amefanyiwa Mtume wetu (S.A.W.) na umma wake kuwa mahali pa kusujudia, kama ilivyothibiti katika hadithi sahihi. Atandike mkeka wake hapo hapo, na akiwa na mwenzake wasali jamaa.

Lipo na jambo jingine la ajabu katika mpangilio huu. Jua linapochomoza, mpaka linyanyuke kiasi cha mkuki, muda ambao wanazuoni wanaukadiria kuwa kama robo saa, ni wakati uliokatazwa kusaliwa sala za sunna zisizo na sababu. Robo saa hiyo ndiyo anayoililia mpiga picha. Sheria imempa nafasi kabla yake ya kusali faradhi, na baada yake ya kusali Dhuha. Kamera ina mahali pake katikati, ikiwa mwenyewe hatageuza utaratibu.

Asubuhi moja Kigamboni

Niliwaomba wote wawili tutoke pamoja Jumamosi iliyofuata. Tulipita njia ya Kongowe mpaka Mjimwema, tukasali Alfajiri kwa jamaa katika msikiti wa huko, kisha tukateremka ufukweni. Kulikuwa kumeanza kupambazuka. Juu ya mchanga ulitambaa mmea ambao watu wa pwani huuita mlakasa, wenye majani yaliyogawanyika mithili ya kwato za mbuzi na maua ya zambarau yenye umbo la tarumbeta. Maua yalikuwa yanafunguka.

Kijana alilala kifudifudi mchangani, akaiweka kamera usawa wa ua, jua likiwa nyuma yake, hata ua zima likawa kama limewashwa taa kwa ndani. Baba yake alisimama mbali kwa muda. Kisha akasogea, akachutama, akatazama ua lenyewe na wala si kamera. Akasema: "Subhanallah. Nimezaliwa pwani hii, na sijawahi kuliangalia."

Tulipopita tena hapo baada ya sala ya Adhuhuri, maua yale yalikuwa yamekwisha kujikunja na kunyauka, kwani ua la mlakasa umri wake ni siku moja. Hapo hakuhitaji mtu kuelezwa maana ya Surat Yunus, aya ya 24, ambayo imeyafananisha maisha ya dunia na ardhi iliyonyeshewa mvua ikajipamba kwa mimea, mpaka wenyewe wakadhani wameimiliki, kisha amri ikaijia usiku au mchana, ikawa kana kwamba jana haikuwapo.

Adabu za mwenye kamera

Kwa faida ya familia nyingine zenye vijana wa namna hii, nitaje adabu chache:

Kwanza, asiingie shamba la mtu bila idhini, na asikanyage mazao kwa ajili ya picha. Dhulma ndogo ni dhulma.

Pili, asichume wala kung'oa alichokuja kukitazama. Kule nyanda za juu kusini, uwanda wa Kitulo, ambao watu huuita Bustani ya Mungu, ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake, yakiwamo ya okidi ambayo mizizi yake ilikuwa ikichimbwa kwa wingi na kuuzwa kama chakula.

Tatu, aingiapo makaburini kufuata maua ya msanapichi, atoe salamu kwa waliolala humo, asikalie wala kukanyaga kaburi, na asiyang'oe majani mabichi yaliyoota juu yake.

Nne, asielekeze kamera kwa watu bila ridhaa yao, hasa wanawake waliotoka alfajiri kwenda kuchota maji au sokoni.

Tano, ajihadhari na riya na israfu. Asiifanye picha kuwa ya kutafutia sifa, wala asinunue kamera ya thamani kubwa ilhali ana deni la watu au wazazi wake wanahitaji dawa.

Sita, mabinti nao wana haki ya kuyaona haya. Wasiachwe watoke peke yao gizani. Baba, kaka au mama afuatane nao.

Ndugu wazazi, mtoto anayeamka mwenyewe alfajiri ni neema. Mtume (S.A.W.) aliuombea umma wake baraka katika mapema yake, kama walivyopokea Abu Daud na Tirmidhi. Msiizime tabia hiyo kwa kuuza kamera na kuharamisha kilichohalalishwa. Ielekezeni. Mwambieni: mwanangu, twende wote, msikitini kwanza, kisha twende kwenye maua yako.

Yule mzee hakuiuza kamera. Nilipokutana naye miezi michache baadaye aliniambia kuwa sasa yeye ndiye anayemgongea kijana mlango, na kwamba wamepanda mlangilangi na asumini uani kwao. Nikamkumbusha kwamba Mwislamu apandapo mmea, akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Akasema nyuki wamekwisha kuanza kuja.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie macho yenye kuona ishara zake, na azijaalie nyumba zetu kuwa ni zenye kuamka kwa ajili yake kabla ya kuamka kwa jambo lolote lingine. Amin.

Wabillahi tawfiq.