Diski Imejaa? Jua Rada ya ln Kabla Ufute Kazi ya Watu

Cheki hii picha. Wewe ni msee wa kuedit video za harusi. Laptopu yako ina GB 256 pekee na imejaa hadi shingo. Unaona faili ya harusi iko kwa folda mbili, unajiambia, "Si hii ni kopi tu, wacha nifute moja." Unapiga rm. Kidogo kidogo unajaribu kufungua ile imebaki, inagoma. Na mteja ako njiani na salio la ganji yako. Hiyo ni ngori.

Hukufuta kopi, buda. Ulifuta faili yenyewe ukabaki na kibao cha kuonyesha njia. Ndio maana leo tunabonga kuhusu ln, komandi ya herufi mbili tu. Iko kwa Linux na Mac, na imekuwepo tangu Unix ya 1971, pengine kabla wazazi wako wajuane.

Kwanza shika hii: jina la faili si faili. Data imekaa kwa diski, na ina namba yake inaitwa inodi. Jina unaloona kwa folda linaelekeza tu kwa hiyo namba.

Linki ngumu

Hapa unaipa data ileile jina la pili. Unaanza na faili iliyopo, halafu jina jipya:

ln harusi.mp4 mteja.mp4

Ni kama jamaa wa mtaa. Nyumbani anaitwa Joseph, kwa base anaitwa Jose, lakini ni mtu mmoja. Hakikisha hivi:

ls -li harusi.mp4 mteja.mp4

Namba ya kwanza ni inodi, na zitafanana. Baada ya zile herufi za ruhusa utaona 2, yaani data ina majina mawili. Kama video ilikuwa GB 40, bado inakula GB 40, sio 80.

Ukifuta jina moja, lile lingine bado linafungua video fiti. Data inaachiliwa tu jina la mwisho likiisha na hakuna programu inayoitumia. Lakini usijidanganye hiyo ni bakapu. Ukibadilisha kilicho ndani kupitia jina moja, umebadilisha kote. Diski ikikufa, majina yote yanazikwa pamoja.

Mipaka yake? Lazima majina yote yawe kwa diski moja, tena sehemu ileile ya diski. Na folda haikubali linki ngumu.

Linki ishara

Hii unaongeza -s:

ln -s /home/wewe/Kazi/harusi.mp4 onyesho.mp4

Ilikuja na 4.2BSD mwaka wa 1983. Yenyewe ni kafaili kadogo kameandikwa njia tu, kama kibao cha "chapati huku" kando ya stage. Ukitoa kibao, mama wa chapati bado anapika. Lakini kanjo wakibomoa kibanda, kibao kitakuonyesha mahali hakuna kitu. Hicho ndicho kilikuramba pale juu.

Uzuri wake ni kwamba inavuka diski na inakubali folda. Ukipiga ls -l utaiona: inaanza na herufi l na ina kamshale kanachoelekeza kwa faili yenyewe. Kwa hivyo ukihamisha video zako kwa diski ya nje, unaweza kuacha linki pale folda ilikuwa, na programu yako ya kuedit iendelee kama kawaida. Ukichomoa diski, linki inaning'inia. Ukirudisha mahali palepale, inaamka.

Mitego mitatu

Moja, andika njia nzima, ile inaanza na /. Njia fupi inasomwa kutoka mahali linki imekaa, sio mahali wewe umesimama. Wengi wameng'ang'ana na hiyo usiku mzima.

Mbili, chunga ln -sf. Hiyo f inafuta faili yenye jina hilo bila kukuuliza. Tumia -i badala yake, ikuulize kwanza.

Tatu, diski za nje nyingi ziko na mfumo wa exFAT, ambao haubebi linki. Weka linki kwa laptopu, ielekeze kwa diski.

Kwa hivyo kabla upige rm tena, piga ls -li kwanza. Ukiona mshale kwa moja, hiyo ni kibao, futa kibao uache faili. Ukiona inodi moja, kufuta jina moja hakutakupa nafasi yoyote. Ukiona inodi tofauti na hakuna mshale, hizo ni faili mbili kweli. Zifungue zote kwanza ndio uamue.

Na kazi ya mteja? Hiyo tumia cp, weka kopi kamili kwa diski nyingine. Sasa fungua terminali ujaribu, lakini na faili ya bure. Harusi ya wenyewe hairudiwi.