Vyuma Vilivyobaki

Katika nchi ya Marekani wako watu wengi wapendao kutengeneza upya motakaa za zamani. Huzinunua zikiwa zimeliwa na kutu, huzifungua kipande kwa kipande, husafisha kila chuma, kisha huziunga tena mpaka zitembee kama zilivyotembea siku ya kutoka kiwandani. Motakaa moja ipendwayo sana ni ile ndogo ya mizigo, iitwayo pikapu, ya namna ya Ford Model A. Watu walionyeshwa namna hiyo mara ya kwanza tarehe 2 Desemba 1927, na mwaka 1932 namna nyingine ilichukua mahali pake. Katika muda huo mfupi zilitengenezwa karibu milioni 5, za abiria na za mizigo pamoja.

Kufungua ni kazi nyepesi. Kuunga ndiko kugumu. Mara nyingi gari limekwisha simama juu ya magurudumu yake, rangi yang'aa, injini yanguruma, na fundi amejaa furaha. Kisha huchungulia ndani ya debe lake, akaona vyuma vimebaki: springi fupi, bolti moja yenye ncha ya mviringo, vipande vyembamba vya shaba, na pini ndogo. Je, vimetoka wapi? Fundi mvivu husema, "Gari latembea bila hivi, basi havina kazi," akavitupa. Fundi mwenye akili hasemi hivyo, kwani ajua kwamba kiwanda hakikubali kupoteza chuma na fedha kwa kutengeneza kitu kisicho na kazi.

Vyuma vinavyobaki ni vya namna tatu. Vingine ni vikuukuu, ambavyo mahali pake pamekwisha tiwa vipya. Vingine ni vigeni, vya gari jingine, vilivyochanganywa katika debe na wenye gari wa zamani. Na vingine ni vya gari lenyewe, vilivyosahauliwa. Kazi ya fundi ni kuvipambanua hivi vya tatu, na kuna njia nne za kumsaidia.

Njia ya kwanza ni kusoma. Baadhi ya vyuma vya Ford vina jina la kiwanda au nambari iliyochapwa juu yake, na katika orodha ya vyuma kila kimoja kina nambari yake. Herufi A ya mwanzo huonyesha kwamba chuma ni cha Model A. Tarakimu zifuatazo huonyesha sehemu ya gari: elfu 2 ni breki, elfu 3 ni ekseli ya mbele na usukani, elfu 6 ni injini, elfu 8 ni mambo ya kupoza injini kwa maji, na elfu 9 ni mambo ya petroli. Hivyo mtu akikuta A-8005 ajua upesi kwamba ni rejeta, na A-9510 ni kabureta.

Njia ya pili ni kupima. Gari hili lilitengenezwa kwa vipimo vya inchi. Bolti ambayo meno yake ni ya milimita ni mgeni, na haifai kulazimishwa.

Njia ya tatu ni kutazama alama za kazi. Upande unaong'aa ulikuwa ukisuguana na chuma kingine. Duara safi kuzunguka tundu laonyesha kwamba palikuwa na washa. Masizi, grisi au rangi ya kale huonyesha chuma kilikaa karibu na nini.

Njia ya nne ni kutafuta mahali patupu. Chuma kilichobaki kimeacha pengo mahali fulani. Fundi huzunguka gari akitafuta tundu lisilo na kitu, naye hulinganisha upande wa kuume na upande wa kushoto, kwa sababu vyuma vingi vya gari ni viwili viwili.

Sasa na tuvirudie vile vya ndani ya debe. Springi fupi, pamoja na kijiti cha chuma kinachokaa nayo, mahali pake ni nyuma ya kifuniko cha mbele cha injini. Kazi yake ni kuusukuma nyuma mhimili unaofungua vali. Isipokuwapo, mhimili huo huenda mbele na nyuma, na injini hugongagonga.

Vipande vyembamba vya shaba hukaa katika vikombe vinavyoshika mhimili mkubwa wa injini, ili kuacha nafasi ndogo sana ya mafuta. Vikombe vikichakaa, fundi hupunguza kipande kimoja kimoja. Lakini akivitupa vyote, mhimili hubanwa, joto hupanda, na madini laini yaliyo ndani ya vikombe huyeyuka.

Bolti yenye ncha ya mviringo ni ya ajabu zaidi, kwani ni bolti na chombo cha kazi pamoja. Mahali pake ni penye kifuniko kile kile cha mbele. Fundi atakapo kurekebisha wakati wa cheche, huifungua, huigeuza, huitia ncha yake tunduni na kuisukuma, huku injini ikizungushwa polepole kwa mkono. Ncha inapozama katika kishimo kidogo cha gurudumu la meno, ajua kwamba pistoni ya kwanza imefika juu, mahali panapotakiwa. Kisha huirudisha ilivyokuwa, ikaliziba tundu.

Imebaki pini ndogo, ya thamani ya senti chache. Breki za Model A hazitumii mafuta. Kikanyagio huvuta fito za chuma, nazo fito huvuta breki za magurudumu yote manne. Kila ufito umeungwa kwa kijiti, na kijiti hicho huzuiwa kisichomoke na pini yenye miguu miwili inayokunjwa. Pini isipokuwapo, gari litatembea vizuri leo, na labda kesho. Lakini mtikisiko wa njia hukisogeza kijiti kidogo kidogo, mpaka siku moja kikaanguka, labda gari likiwa mteremkoni limejaa mizigo na watu. Dereva atakanyaga breki, na ufito hautavuta kitu. Ndiyo sababu fundi mwema haliachi gari litoke mpaka amejua kila kilichobaki ni cha wapi.

Walakini ni heri kuzuia fumbo kuliko kulifumbua. Fundi mwangalifu hupiga picha kabla ya kufungua, hutia vyuma vya kila sehemu katika mfuko wake, huandika jina juu ya mfuko, na kila bolti huirudisha katika tundu lake mara chuma kinapotoka. Wazee walisema: Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Maswali
1. Vyuma vinavyobaki ni vya namna ngapi? Vitaje.
2. Nambari A-8005 yaonyesha nini?
3. Kwa nini gari laweza kutembea vizuri bila pini ya breki, na bado likawa la hatari?