Feni ya Hita Ikigoma, Fuata Waya Kabla ya Kununua Mota

KWA mkazi wa Dar es Salaam au Tanga, hita ya gari ni pambo lisilo na kazi. Joto la pwani latosha, na pengine lazidi. Lakini mwenzetu wa Makete, Njombe au Lushoto hawezi kusema hivyo. Uwanda wa Kitulo uko kiasi cha mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti baridi yake hupenya hata mifupa. Huko, familia yenye Land Rover ya zamani haihitaji hita kwa ajili ya kupasha miguu tu. Yaihitaji ili dereva aione njia.

Sababu yake ni hii. Watu watano wakiketi ndani ya gari lililofungwa madirisha, pumzi zao hutoa unyevu. Unyevu huo ukikutana na kioo baridi hugeuka ukungu. Dereva huanza kupangusa kwa kiganja, mkono mmoja ukiwa kwenye usukani, kona iko mbele na korongo liko kando. Feni ya hita ndiyo isukumayo hewa ya moto kwenye kioo na kukikausha. Kwa hiyo feni iliyokufa si kero ndogo ya kuahirishwa hadi mwezi ujao; ni hatari iliyopakiwa garini pamoja na watoto.

Tuzungumzie magari ya Kiingereza ya zamani, mfano wa Land Rover Series III iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Feni ya gari la namna hii inaponyamaza, aghalabu mota ndiyo hulaumiwa kwanza. Fedha zilizotengwa kwa karo hununua mota nyingine, na mota hiyo ikishafungwa, nayo hunyamaza vilevile! Kumbe ugonjwa ulikuwa kutu kwenye skrubu moja.

NJIA YA UMEME

Hapana budi kwanza kuijua njia. Umeme hauishii kwenye mota. Lazima urudi ulikotoka, yaani kwenye betri. Katika magari haya rangi za nyaya ndizo ramani. Waya wa kahawia hutoka upande wa betri kwenda kwenye swichi ya ufunguo. Mweupe hutoka kwenye ufunguo kwenda kwenye fyuzi. Wa kijani hutoka kwenye fyuzi kuelekea swichi ya feni na mota. Mweusi huurudisha umeme kwenye bodi ya gari, na bodi huufikisha kwenye betri. Hata hivyo, gari lililopita mikononi mwa mafundi wengi laweza kuwa na waya wa rangi yoyote, na yako magari ambayo swichi ya feni imewekwa kati ya mota na bodi. Yafaa kutazama mchoro wa nyaya katika kitabu cha gari lako.

Kabla ya kugusa lolote, tazama vifaa vingine. Je, waipa na taa za breki zimekufa pia? Katika mengi ya magari haya vifaa hivyo hutumia fyuzi moja na feni. Vikifa pamoja, anzia kwenye fyuzi. Ikiwa feni yazunguka vyema lakini hewa itokayo ni baridi, waache waya wapumzike. Hitilafu iko kwenye maji ya moto yatokayo kwenye injini.

TAA YA KUPIMIA

Chombo cha kupimia hakina gharama kubwa. Chukua balbu ya indiketa ya volti 12 na wati 21, uiunganishe na nyaya mbili ndefu. Balbu hii hula umeme wa kutosha kufichua kiungo kichafu, kwani hapo itawaka kwa unyonge. Zima injini, washa ufunguo na swichi ya feni, kisha funga waya mmoja wa balbu kwenye ncha hasi ya betri. Kwa waya wa pili gusa fyuzi upande mmoja, halafu upande wa pili. Kisha gusa swichi panapoingia umeme na unapotokea. Mwisho gusa waya uingiao kwenye mota. Pale taa inapoacha kuwaka, umempata mkosaji: yuko kati ya hapo na mahali ulipogusa kabla yake. Usiache ufunguo ukiwa umewashwa muda mrefu, kwa maana koili hupata moto.

Taa ikiwaka vizuri hadi kwenye mota na feni bado imelala, shuku njia ya kurudi. Unganisha waya wa ziada kutoka kwenye waya mweusi wa mota hadi ncha hasi ya betri. Feni ikizunguka, mota haina kosa. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, na skrubu ya chuma ikikaa ndani ya aluminiamu penye unyevu, kutu huzuia umeme. Ondoa waya wa betri, fungua skrubu hiyo, sugua kwa msasa hadi metali ing'ae, kisha kaza. Ikiwa hata hapo haizunguki, ndipo mota yenyewe, pamoja na brashi zake za kaboni, ikaguliwe.

Na feni izungukayo kwa kasi kubwa tu, ikikataa kasi ndogo? Katika magari mengi hiyo ni dalili ya kuungua kwa rezista, kifaa kipunguzacho umeme. Hapo pia mota haina hatia.

FYUZI SI MCHEZO

Wapo wanaozungushia fyuzi iliyokatika karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Ndugu msomaji, fyuzi imewekwa ikatike ili waya usiungue. Ukiiziba kwa karatasi, waya ndio utakaogeuka fyuzi, na moto utaanzia nyuma ya dashibodi. Jihadhari pia na tarakimu. Fyuzi ya kioo ya Lucas iliyoandikwa 35 hukatika kwenye ampea 35, bali uwezo wake wa kubeba umeme mfululizo ni ampea 17 tu. Ukiweka ya aina nyingine, iliyotengenezwa kubeba ampea 35 mfululizo, umeondoa ulinzi bila kujua. Na fyuzi mpya ikikatika papo hapo, usiongeze ukubwa wake. Tafuta waya uliochubuka na kugusa bodi.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Asubuhi moja ya mapumziko yatosha kwa kazi hii, na mtoto wa kiume au wa kike anaweza kushika taa huku baba au mama akigusa nyaya. Atajifunza kwamba kitu kilichoharibika huulizwa swali moja baada ya jingine kabla ya kutupwa. Na siku ukungu utakaposhuka mlimani, kioo kitakuwa kikavu na njia itaonekana.