Unataka kwenda Sibiloi? Soma hapa kabla hujapanga safari

Usidanganyike na ramani ya simu. Inaonyesha Sibiloi kama mahali unaweza kuamka ukaenda, kumbe barabara yenyewe inaisha kabla hujafika.

Mbuga hii iko mashariki mwa Ziwa Turkana, karibu na mpaka wa Ethiopia. Kutoka Nairobi hadi Marsabit hakuna stress: ni lami tupu na mabasi yapo. Shida inaanza hapo. Njia ya kupitia Maikona hadi North Horr inakata jangwa la Chalbi. Kiangazi, gari linateleza kama liko mezani. Ikinyesha, ule ukavu unageuka tope, Landcruiser inazama na hakuna hata mti wa kufungia kamba uivute.

Njia nyingine unakata kushoto Laisamis, mpaka Loiyangalani. Kampuni ya umeme wa upepo iliikarabati ili kupitisha mitambo yake 365, kwa hivyo inapitika. Ukitoka Loiyangalani kwenda mbugani, ni mawe.

Matatu ya kukufikisha Sibiloi hakuna. Lori la mizigo litakuacha Loiyangalani au North Horr, basi. Tafuteni wasee sita, mkodi gari moja mchange. Hata afadhali magari mawili, moja likikwama lingine livute. Jazeni tangi Marsabit na mbebe mafuta ya akiba na maji. Lipeni kiingilio kwa eCitizen mkiwa bado na mtandao.

Na ndege? Kiwanja kipo Alia Bay, lakini unakodi ndege nzima. Hiyo ni ya wenye pesa zao. Mimi ningechukua ndege ya abiria hadi Lodwar, matatu hadi Kalokol, kisha nivuke ziwa kwa boti. Hapo msikilize nahodha. Upepo wa Turkana hauna mchezo, na mamba ni wengi. Akisema leo hatuendi, lala.

Mbona ujisumbue hivyo? Kule kuna miti iliyogeuka mawe mamilioni ya miaka iliyopita, na Koobi Fora, lilikopatikana fuvu la 1470 mwaka 1972. UNESCO iliweka mbuga za Ziwa Turkana kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2018, hasa kwa sababu ya mabwawa ya Ethiopia.

Jua linachoma hata saa tatu asubuhi. Beba kofia.