Kisu cha Kiunoni: Tukichague Vipi, Tukiache Wapi?

Huko tulikotoka, mwenye kisu kiunoni hakuulizwa neno. Mkulima alikatia kamba, mvuvi alipasulia samaki, na huko Oman jambia huvaliwa kwa heshima siku za sherehe. Hapa Louisville, Columbus na Buffalo, wenzetu wafanyao kazi maghalani na mashambani wangali wakipenda kisu kisichokunjwa, kwani ni imara na husafishika upesi. Si vibaya, lakini hapana budi tujue cha kuchagua.

Kisu cha kila siku kisiwe kirefu. Bapa la sentimita 8 hadi 10 latosha kwa kamba, maboksi na matunda. Kiwe na makali upande mmoja tu. Chenye makali pande mbili ni jambia, na sheria hukitazama kwa jicho jingine. Uliza habari ya msuka, yaani chuma kinachoingia ndani ya mpini: ukifika hadi mwisho, kisu hakichomoki kazini. Chuma cha kawaida hunoleka upesi lakini hushika kutu. Kwa theluji ya Buffalo, heri kile kisichoshika kutu. Mpini usiteleze mkononi ukilowa, na ala ikishike kisu hata ikipinduliwa.

Kisu cha kuchinjia ni kingine: kirefu zaidi na kikali barabara, kwani Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kunoa ili mnyama asiteseke. Hicho kisafiri ndani ya boksi, kwenye buti ya gari, hadi shambani na kurudi.

Sasa sheria, ambazo hutofautiana. Kentucky haikihesabu kisu cha kawaida cha mfukoni wala cha kuwindia kuwa silaha. Ohio ilibadili sheria yake mwaka 2021: kisu kilichofichwa si kosa, maadamu hakikutumiwa kama silaha. New York ni kali zaidi. Kifungu cha 265.01 cha sheria yake ya jinai kinamtaja asiye raia, na kumiliki kwake silaha ya hatari kumeandikwa kuwa kosa, wala nia mbaya haikutajwa. Ndugu zetu wa Buffalo ambao hawajapata uraia wasilipuuze neno hili. Kisu chao kiwe cha kazi, kwa umbo na kwa matumizi, nacho kibaki kazini. Wala asiseme mtu, hata kwa mzaha, kwamba amekibeba kwa ajili ya kujilinda.

Pako mahali pa kukiacha kisu popote tuishipo. Katika ofisi za serikali kuu, zikiwamo za uhamiaji, sheria inasamehe kisu kidogo cha mfukoni tu, chenye bapa pungufu ya inchi 2.5, na mlinzi aweza kukizuia hata hicho. Katika ndege, kisu huwekwa ndani ya sanduku linalopelekwa chini. Shuleni kisiingie kabisa. Mabango ya shule za Kentucky yanatahadharisha juu ya kifungo cha hadi miaka 5 na faini ya dola 10,000 kwa mwenye kuingiza silaha.

Hapo ndipo penye hofu yetu, sisi tuliozeekea darasani. Mtoto humwiga babaye. Akiona kisu kiunoni kila asubuhi, ipo siku atakitia mkobani aende kuwaonyesha wenzake. Wahenga walisema mtoto akililia wembe apewe, ajifunze kwa kidonda. Huko kidonda kilipona. Hapa huandikwa katika faili. Basi jioni, kisu kirudi ndani ya ala, na ala ndani ya kabati yenye ufunguo.