Je, Wajua? Kizibo cha moyo kidogo kuliko punje ya njegere

Mtoto njiti mwenye uzito wa gramu 700 tu anaweza kuzibwa mshipa ulio karibu na moyo bila kupasuliwa kifua. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha kizibo cha Amplatzer Piccolo kwa watoto wadogo kiasi hicho.

Mtoto akiwa tumboni hapumui kwa mapafu, hivyo damu nyingi huyakwepa kwa kupitia mshipa huu. Akishazaliwa, kwa kawaida mshipa hujifunga ndani ya siku chache. Kwa njiti mara nyingi hubaki wazi: damu hufurika mapafuni, moyo unaelemewa.

Daktari hupenyeza katheta, yaani mrija mwembamba, kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, akiongozwa na picha za eksirei na ultrasaundi. Kizibo kimesukwa kwa nyuzi za nikeli na titani. Huingia kimekunjwa, na kikitoka mrijani hurudia umbo lake. Uzuri wake hasa ni kwamba kisipokaa sawa, daktari hukirudisha mrijani na kujaribu tena kabla ya kukiachia.

Daktari Werner Porstmann wa Berlin alifungua njia ya tiba hii mwaka 1967, ila kizibo chake kilihitaji mshipa mpana wa paja. Watoto wachanga hawakufaidika.

Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete huziba matundu ya moyo kwa katheta. Mtoto wako akihema haraka, akitoka jasho anaponyonya au asipoongezeka uzito, mpeleke akapimwe moyo mapema.